Daraja Ambalo Bibi Hakulitazama

Asma alinipigia simu asubuhi nikiwa ghorofa ya tano ya hoteli ninakofanya kazi, hapa Al Rigga, nikimwonyesha binti mpya kutoka Kampala namna ya kukunja shuka kwenye pembe za godoro. Akasema, "Anti Tabita, Bibi katutoka." Sikuuliza bibi yupi. Nimewahudumia wageni wazee wengi katika mji huu, wengine sikumbuki hata majina yao, lakini kwa Asma bibi ni mmoja, Bibi Zuwena wa Rashidiya, na nilikuwa na miaka kumi na sita sijakanyaga kizingiti chake. Nilimpa pole, nikamwuliza hitima ni lini, nikarudi kwenye shuka. Yule binti wa Kampala akaniambia nimekunja vibaya. Alisema kweli, nikaanza upya.

Sitasimulia nilivyofika Dubai. Hadithi hiyo kila Mkenya wa hapa anayo, na zote zinafanana isipokuwa jina la wakala. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, mwaka ambao metro ilikuwa bado mpya na watu wa Rashidiya walikuwa wakiipanda hadi mwisho wa reli na kurudi bila shughuli yoyote, kwa raha ya kupanda. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa na mdomo mwepesi, na nilijiona mtu mkweli, jambo nililodhani ni sifa isiyo na hasara. Nilikuwa nimeajiriwa na Bwana Nassor, mfanyabiashara aliyezaliwa Unguja na kukulia hapa, nimtunze mama yake. Mama huyo alikuwa akipoteza macho kwa ule ugonjwa watu wanauita presha ya macho. Unaanza kula pembeni. Bibi aliweza kuuona uso wako ukiwa mbele yake, akakwambia una chunusi kidevuni, lakini kikombe kilichokuwa karibu na kiwiko chake hakukiona mpaka amekipindua.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba, mbali na sebule kubwa yenye makochi ambayo hakuna aliyeyakalia. Mlikuwa na kitanda cha samadari kilichosafiri kutoka Unguja vipande vipande, msala wa kuswalia, chetezo cha udi, na dirisha lililoelekea barabara ndogo ya mtaa. Enzi zake alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile zinazotobolewa matundu madogo kwa sindano na kuzungushiwa uzi, na alijivunia kwamba hakuwahi kurudia ua moja mara mbili kwa watu wawili. Sasa hakuweza hata kutunga uzi. Nyuzi alizihifadhi katika mkebe wa biskuti uliokuwa umeanza kushika kutu, na kwenye kifuniko palikuwa na picha ya daraja la mawe linaloingia mtoni na kuishia katikati ya maji. Chini yake paliandikwa Avignon. Aliniambia mkebe ule aliuona nyumbani kwao tangu anatambaa, na alimsumbua baba yake miaka na miaka kwa swali moja, nani kajenga daraja akaliacha majini, na kila alipouliza alipewa jibu jipya. Mara wajenzi waliugua. Mara sultani wao alikufa. Mara mafundi waligombana na mpishi.

Kila alasiri, baada ya kuswali, aliniketisha dirishani akasema, "Haya, nambie." Nilitakiwa nimweleze kinachopita nje. Mwanzoni nilidhani ni kazi rahisi kuliko zote duniani. Nilimwambia gari zuri limepita, akauliza zuri vipi. Nilimwambia jirani amevaa poa, akasema kwao poa ni chai iliyosahauliwa mezani. Kiswahili changu kilikuwa cha shule na cha mtaani, kilichozoea kuegemea Kiingereza kila kinapochoka, na Bibi hakujua Kiingereza wala hakukitamani. Ilibidi nitazame upya. Nilijifunza kwamba paka wa jirani alikuwa na rangi tatu na si moja, kwamba yule Mpakistani wa duka la dobi alitembea akiubana mkono wa kushoto, kwamba vumbi la mchana si rangi moja na vumbi la jioni. Watu huniuliza nilijifunzia wapi Kiswahili hiki, Mkamba mimi, nami huwaambia nilijifunzia dirishani.

Basi mwezi wa tano tulimpeleka kliniki. Daktari alikuwa mtu mpole, na alizungumza na Bwana Nassor kwa Kiingereza huku Bibi akikaa katikati yao, mikono juu ya mkoba, akigeuza uso upande wa kila aliyesema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na nilisikia kila neno. Daktari alisema kilichokufa hakirudi, matone hayaishushi tena presha, wala hakuna kisu kitakachosaidia. Macho yale aliyapa mwaka mmoja, pengine pungufu. Akashauri kwamba kama kuna kitu mzee anatamani kukiona, aonyeshwe sasa. Bibi akauliza, anasemaje? Bwana Nassor, bila hata kumeza mate, akamwambia daktari anasema matone yaendelee, halafu baada ya kiangazi atafanyiwa operesheni, na macho yatarudi inshallah. Bibi akamshukuru daktari kwa Kiarabu, akamwombea dua ndefu yeye na watoto wake.

Siku hiyo hiyo Bwana Nassor alinifuata jikoni. Hakuwa mtu mbaya, na nataka ijulikane hivyo, maana nikimkumbuka kwa hasira namsahau yule aliyekuwa akimkata mama yake kucha kila Alhamisi kwa mikono yake mwenyewe. Alisimama karibu na friji akasema nimesikia yaliyosemwa, na Mama asijue. Mtu akiambiwa anakuwa kipofu, alisema, anakuwa kipofu siku ile ile. Na neno hilo likimfikia kutoka kwangu, khalas, narudi kwetu. Nikasema, sawa, sir. Wala sikuona ajabu. Hata kwetu Ukambani mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa. Watu humzunguka kitandani wakimsifu kwa kunenepa, kisha wanatoka nje kulia. Tunaita huruma. Kwa umri nilio nao sasa naona kwamba mara nyingi tunamhurumia yule ambaye angelazimika kusema.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda International City kwa rafiki yangu Njeri, aliyekuwa askari wa getini katika hoteli moja na aliyelala chumba kimoja na wenzake watano. Tulikula chapati na ndengu juu ya kitanda cha chini, miguu imekunjwa, nikamweleza. Njeri alimega chapati nyingine. Kisha akasema, "Sikiza, Tabby. Umeajiriwa kuwa macho ya huyo shosho, si mdomo wa daktari. Nyamaza, uende Ulaya, upige picha, urudi. Si ni hivyo tu?" Maana kufikia hapo safari ilikuwa imeshapangwa. Bwana Nassor alikuwa amemwuliza mama yake anatamani kuona nini, na badala ya kutaja Makka, alikokwisha kwenda mara tatu, Bibi alicheka kwa aibu kama msichana, akasema, lile daraja la mkebeni.

Tulisafiri watatu, Bibi, mwanawe na mimi, mwezi wa sita. Siku sita. Tulipoteremka kwenye gari moshi Avignon, huko Ufaransa, joto lilitupokea kama tuliloliacha nyumbani, isipokuwa hili lilikuwa na upepo, na miti ilijaa wadudu wanaolia bila kupumzika. Mji wenyewe umezungushiwa ukuta wa mawe, mzima mzima, wenye minara kila baada ya hatua kadhaa. Tuliingia lango lake kwa teksi na nikaanza kazi yangu. Nikamwambia Bibi ukuta una meno juu, rangi yake ni ya mchanga uliolowa, na kwenye nyufa zake zimeota nyasi. Akaniuliza nyasi mbichi au kavu. Hoteli ilikuwa katika uchochoro mwembamba, ngazi za mviringo, vyumba vya dari ya mbao. Bibi alishika boriti ya mlangoni akasema mti huu ni mzee kuliko mimi, nausalimu.

Siku ya kwanza alikuwa mchovu. Siku ya pili tulikwenda kwenye kasri kubwa walilokaa mapapa wa zamani, wakuu wa Kanisa lao, na nilimweleza kuta zilivyo ndefu na madirisha yalivyo machache na madogo. Alisimama kwenye kiwanja mbele yake, shingo ameipinda nyuma, akijaribu kukusanya jengo lile vipande vipande kwa hayo macho yake ya tundu. Mwishowe aliuliza, "Watu wa Mungu hawa, walikuwa wakimwogopa nani?" Bwana Nassor alicheka, akapokea simu. Alikuwa na shehena ya vigae iliyokwama bandarini, na wiki ile yote nilimwona zaidi akiwa na simu sikioni, akizunguka kivulini.

Halafu Bibi aligundua maduka ya vitambaa. Kumbe mji ule una sifa ya vitambaa vya pamba vilivyopigwa chapa ya maua madogo madogo, mekundu na ya manjano na ya samawati, na Bibi alipoingia duka la kwanza na kuweka viganja juu ya rundo la nguo, alishusha pumzi kama mtu aliyefika kwake. Alimwambia mwenye duka, kwa Kiunguja, kwamba maua haya ni ya Kihindi na wameyachukua kama sisi tulivyoyachukua. Yule mama wa Kifaransa alimjibu kwa Kifaransa, kwa kirefu, na wakaelewana kuliko nilivyowahi kuelewana na mtu yeyote. Tulinunua vitambaa vya meza. Tulinunua sabuni za mrujuani, ua la kwao lenye harufu, kwa jamaa wote wa Rashidiya na Unguja, maana msafiri hawezi kurudi mikono mitupu, na Bibi alikuwa na orodha kichwani isiyopungua. Tulirudi siku ya tatu asubuhi kwa ajili ya wale tuliowasahau.

Jioni ile, jua bado kali, tulipanda kigari cha watalii hadi juu ya mwamba ulio nyuma ya kasri, penye bustani na bwawa la bata. Ukisimama kwenye ukingo, mto wote uko chini yako, mpana, rangi ya majani, na daraja liko pale pale, matao manne na kijumba cha ibada juu yake, linakwenda, linakwenda, kisha basi. Nilishtuka jinsi lilivyofanana na kifuniko cha mkebe. Nikamshika Bibi mkono, nikamwambia, Bibi, lile hapo. Akasimama. Akaniuliza liko upande gani. Nilipomwelekeza, aligeuka akalielekezea mgongo, akaomba benchi linalotazama bata.

Nilidhani amechoka, lakini hakuwa amechoka. Alinieleza kwa furaha, kama anayeshirikisha siri nzuri, kwamba hataki kulitazama kwa macho haya ya ukungu. Operesheni itafanywa baada ya kiangazi. Mwakani, akijaliwa uzima, atarudi na macho mapya alitazame lote kwa pamoja, na mwisho wake, na maji. "Mwenye kufunga haonji chungu, Tabita," alisema. "Nimengoja miaka sitini. Mwaka mmoja ni nini?" Nilimtazama Bwana Nassor. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yetu, simu mkononi, kwa mara ya kwanza hazungumzi. Aliinamisha kichwa akawatazama bata.

Siku ya nne upepo ulivuma mpaka viti vya mikahawa vikaanguka, tukashinda hotelini. Nilikuwa nikimkasirikia mwanawe, nikijikasirikia mimi, na nakiri nilimkasirikia hata Bibi kwa kuwa na subira kiasi kile. Niliona macho yake kama maji kwenye mtungi uliotoboka, naye akiyagawa kwa sabuni. Nilijaribu njia za mzunguko. Nilimwambia mambo ya mwakani huwezi kuyajua. Akasema kweli, na kesho pia huwezi kuijua, ndiyo maana tunasema inshallah.

Siku ya tano mchana Bwana Nassor alikwenda kuonana na mtu wa vigae, akatuacha kwenye mkahawa ulio chini ya miti mikubwa, kwenye uwanja wenye pembea za watoto za kuzunguka. Tuliletewa samaki na wali ulioiva nusu. Bibi akatoa mkobani kichupa cha achari ya ndimu kilichofungwa kwenye leso, kilichosafiri nasi tangu Dubai, akaniwekea mimi kwanza. Alikuwa na furaha. Alianza kupanga siku ya mwisho: kesho turudi kwenye duka la vitambaa, abadilishe kile cha manjano, kwa sababu amefikiria usiku kucha na ameona shemeji yake hapendi manjano. Siku ya mwisho, yote, kwa ajili ya kitambaa cha manjano. Nikasikia mdomo wangu umefunguka. Nikasema, "Bibi, hakuna operesheni."

Nilimwambia yote, upesi upesi, kama nilivyoyasikia kliniki. Nilimwambia kilichokufa hakirudi. Nilimwambia mwaka mmoja, pengine pungufu. Aliweka kijiko mezani, akakisogeza kikae sawa na uma. Akaniuliza, "Nani anajua?" Nikasema Bwana Nassor. Mkewe je? Nikasema naam. Watoto? Nikasema nadhani wakubwa wanajua. Akatikisa kichwa polepole. "Basi nyumba nzima inayajua macho yangu, isipokuwa mie mwenyewe." Aliinuka, na nilipompa mkono aliukataa. Alikwenda hatua tatu, akajigonga kwenye kiti kilichokuwa pembeni yake, kiti ambacho mtoto mdogo angekiona, akasimama pale akishika mgongo wa kiti hicho, watu wakimtazama. Mpaka leo nikisikia chuma kikikwaruza sakafu namwona.

Kabla ya magharibi Bwana Nassor alirudi, na Bibi akamwuliza mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama macho yake yanakufa. Bwana Nassor hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi. Hiyo ilitosha kuwa jibu, na Bibi akaingia chumbani, akafunga mlango.

Siku ya sita hakutoka. Alivuta mapazia, akalala akielekea ukutani, akaswali, akalala tena. Mimi nilikuwa nimemwambia ili aende akalione daraja lake, nilikuwa na hakika atavaa viatu asubuhi na kusema twende, na badala yake siku moja ya macho iliyobaki katika mji ule ilipita katika chumba chenye giza. Bwana Nassor alinikuta kwenye korido akaniambia niondoke mbele yake, niende popote. Nikaenda darajani. Nilikata tikiti, nikapita kwenye lango, nikatembea hadi mwisho. Nilitazama kama nilivyofundishwa. Mawe ya kukanyagia yamelika katikati na yamebaki juu kandokando. Upepo ulitaka kunivua kitambaa cha kichwa. Kijumba cha ibada ni kidogo kuliko nilivyodhani, baridi, chenye harufu ya ghala. Mwisho wa daraja hakuna kitu. Kuna ukingo wa chuma, na chini yake mto unapita kwa kasi ukifanya mikunjo, na ng'ambo kuna miti isiyojua kwamba ilikuwa ikingojewa. Nilichagua maneno moja moja, nikayapanga, nikayarudia njiani ili yasinipotee. Nilirudi nikakaa sakafuni karibu na kitanda chake, nikingoja aseme "Haya, nambie." Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Hakusema.

Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria jambo hili nikitandika vitanda vya watu. Kumbe palikuwa na njia nyepesi ambayo haikunijia kabisa. Ningemwambia, Bibi, nakuomba unipeleke mimi, kwetu hakuna daraja kama hili na sijui kama nitarudi. Angelalamika kidogo, angesema wasichana wa siku hizi hawana subira, na angenipeleka, kwa sababu hakuwahi kuninyima kitu. Na tukiwa kule mwisho, upepo ukivuma, angegeuza uso mwenyewe. Kweli yenyewe ningeweza kumwambia nyumbani, kwenye kitanda chake, mbele ya mwanawe. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilidhani ukweli ni kama dawa, ukishamezwa kazi imekwisha.

Siku ya pili baada ya kurudi Dubai, Bwana Nassor aliniita jikoni akasema khalas, kama alivyoahidi, nifungashe. Nilikwenda kumuaga Bibi nikilia wazi wazi, sikujizuia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alinivuta mpaka uso wangu ukafika mbele ya wake, akanitazama kwa muda, akasema maneno ambayo sikuyapenda siku ile. "Hukusema uongo, mwanangu. Lakini ulinambia kama mtu anayetua mzigo. Ulipoutua ukapumua, mie ndo nikaubeba. Wala hukuniuliza kama nina pa kuuweka." Kisha akamwita mwanawe, akamwamuru asinirudishe Kenya, anipe karatasi ya ruhusa nitafute kafeel mwingine, mdhamini wa kuniajiri. Bwana Nassor akaiandika siku ile ile. Kwa karatasi hiyo nikapata kazi hapa Al Rigga, na ndiko nilikokaa mpaka nywele zimeanza kuwa na mvi.

Siku ya hitima nilijifunga mtandio, nikapanda metro hadi Rashidiya. Wanawake walikuwa wamekaa chini katika sebule ile ile, makochi yamesukumwa ukutani, wakisoma. Mimi si wa dini yao, lakini nilikaa nao, nikainamisha kichwa, na wazee wawili walinitambua wakanifanyia nafasi. Baada ya kisomo tulikula pilau kwa sinia, nikaenda jikoni kumsaidia Asma kuosha vikombe. Asma, bintiye Bwana Nassor, niliyemwacha mtoto wa miaka kumi, sasa anafanya kazi benki na anavaa miwani mikubwa. Ndiye aliyenisimulia miezi ile niliyoikosa. Alisema Bibi alipotoka chumbani baada ya wiki moja alianza kuitembea nyumba akiwa amefumba macho, akihesabu hatua kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi bombani. Aliwaita jamaa mmoja mmoja, wa hapa na wa Unguja, akawaketisha karibu na dirisha na kuwatazama usoni mpaka wanaona haya. Giza lilipofika alikuwa tayari. Miaka yote iliyofuata alipika chai yake mwenyewe. Nilifurahi kusikia hivyo, kisha nikaona aibu ya kufurahi, maana nilijua nilikuwa nikitafuta msamaha kwenye sinki la vyombo. Nikamwuliza kama aliwahi kulitaja daraja. Asma akasema hapana, hata mara moja.

Kisha akafunga bomba, akachungulia mlangoni, akashusha sauti. Baba yake naye ana ugonjwa ule ule. Ni wa damu, hurithiwa. Wiki iliyopita daktari amewaambia watoto kwamba jicho la kulia limekwisha na la kushoto halina mwaka. Wao wamemwambia ni mtoto wa jicho tu, akomae kidogo ndipo wamtoe. "Nakuomba, Anti," alisema. "Akikuuliza chochote, wewe huna habari. Katoka kumzika mamake." Nilikausha kikombe nilichokuwa nimekwisha kukikausha.

Wanaume walipoondoka, Bwana Nassor aliniita kwenye chumba kidogo cha mbele. Amezeeka, ndevu nyeupe, amekonda mabega. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia nikae. Nilimpa pole, akashukuru. Alipotaka kikombe chake cha kahawa niliona mkono wake ukipapasa meza, ukatafuta ukingo wa kisahani kabla ya kushika. Kisha akasema Asma siku hizi anaingia kwa daktari peke yake kwanza, na yeye anaachwa nje na watu wa mapokezi, kama mzigo. Alisema hivyo bila hasira. Akaweka kikombe chini.

"Wewe ulimwambia mama yangu, nami nikakufukuza," alisema. "Leo umekaa jikoni na binti yangu saa nzima. Amekwambia nini?"

Ningeweza kusema sina habari. Asma alikuwa ameniomba, na ni mtoto niliyemsuka nywele. Ningeweza pia kumpa yote, jicho la kulia na jicho la kushoto, nikatoka mlangoni nikiwa mwepesi. Niliinuka upande niliokuwa nimekaa, nikavuta kiti nikakiweka mbele yake, pale ambapo macho yake bado yanafika, nikakaa, nikamshika mkono, kitu ambacho sikuwahi kufanya.

"Nitakujibu," nikamwambia. "Lakini kwanza niambie, Bwana Nassor. Kuna kitu unatamani kukitazama?"

Aliusogeza uso wake karibu na wangu.

"Mwaka huu?" akauliza.

"Mwaka huu."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, polepole. Kisha akamwita Asma, akamwambia aache vyombo, aje akae hapa karibu.